Mauzo ya Duka Lililoungua

Rafiki yangu si mtu wa kuzusha. Kazi yake ni kupakia takwimu za mauzo ya maduka ya kampuni kwenye mtambo unaoshika kila kitu kichwani. Umeme ukikatika, unasahau yote. Mchana mmoja umeme ulikatika tena.

“Pakia upya, ndugu yangu,” bosi akamwambia kwenye simu.

“Bosi, nimechoka mpaka mifupa.”

Umeme ukarudi, lakini taa za chumba chake cha kazi, kisicho na dirisha, hazikuwaka. Kabla hajapakia chochote, kioo cha kompyuta kikaonyesha duka moja likiuza: lile lililoungua na wateja ndani. Kila mauzo yalipopanda, mashine ya keshia, ambayo haimo chumbani humo, ililia gizani nyuma ya rafiki yangu: tii. Bidhaa ilikuwa moja tu. Maji ya kunywa.