Mafuta Yaliyonunuliwa kwa Huruma

Mtaani kwetu kila mtu anasengenywa. Mwenye gari anasengenywa, na asiye na viatu naye anasengenywa. Ukienda bombani asubuhi, kabla ndoo yako haijajaa utakuwa umeshajua nani kagombana na nani, na nani kanunua godoro jipya. Lakini mwaka ule kulikuwa na nyumba moja isiyosemwa kabisa. Ni nyumba ya mlango wa kijani, ya Mama Cherehani.

Zamani nyumba ile haikuwa na pa kukaa. Mama Cherehani alishona sare za shule. Mumewe aliendesha lori. Wateja, majirani na watoto wa watu walijazana pale mpaka jioni. Kisha watoto wa nyumba hiyo wakakua, wakaoa na kuolewa, wakahamia mbali. Mume naye akastaafu. Kwa kiinua mgongo chake alinunua mashine ndogo ya kukamulia mafuta ya alizeti.

"Mimi nitakamua, mke wangu," alisema. "Wewe utauza. Mdomo unao."

Mashine ikafungwa kwenye chumba cha uani. Kabla haijawashwa hata mara moja, mzee aliugua, akafariki.

Msiba ulipokwisha, watu walirudi makwao. Mama Cherehani akafunga madirisha, na hakuyafungua tena. Cherehani aliifunika shuka. Chai alikunywa peke yake. Redio aliiacha ikiongea hata wakati wa matangazo ya sabuni, ilimradi kuwe na mtu anayezungumza ndani.

Siku moja mwanawe wa kiume alipiga simu.

"Mama, uza hiyo mashine. Njoo ukae kwetu."

"Nitalala wapi?"

"Na watoto. Tutabanana."

"Na mashine ya baba yako?"

"Basi jaribu msimu huu, mama. Ikishindikana, nakuja kukuchukua."

Mama Cherehani hakutaka kuchukuliwa kama mzigo. Mavuno yalipofika, alinunua magunia ya alizeti. Aliyapanga chumbani kwake, chini sakafuni, mengine juu ya mengine, yakiegemea ukuta. Chumba kilikuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Magunia angalau yalikijaza.

Fundi alikuja akamwonyesha namna ya kuwasha mashine. Mama Cherehani akakamua. Aliosha chupa, na zikiwa bado na matone ya maji, akazijaza mafuta siku hiyo hiyo. Kisha akazipanga kwenye kibaraza cha mbele, palipo na jua, zing'ae. Alitaka wapita njia wazione, waingie.

Na waliingia. Chupa zote ziliisha upesi. Hakuna aliyeuliza bei mara mbili. Hakuna aliyeomba kupunguziwa.

"Pole, mama," walisema, wakalipa, wakaondoka.

Akakamua tena, akajaza chupa, akasubiri. Hakuna aliyerudi. Wengine walianza kupita upande wa pili wa barabara. Hata Mkaanga Viazi, mwenye banda lake pale pembeni, alimwona kwa mbali akainama kutafuta kitu kisichopotea.

"Jirani, yale mafuta vipi?" Mama Cherehani alimuuliza.

"Mazuri, mama! Mazuri sana! Bado ninayo, ndiyo maana sijaja."

Nyuma yake lilikuwa limesimama dumu jipya la mafuta ya dukani. Mama Cherehani aliliona. Alirudi nyumbani, akaongeza sauti ya redio.

Wiki hiyo wifi yake alifika kumtembelea. Huyu ni dada wa marehemu, mwanamke wa sauti kubwa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mafuta. Aliweka begi chini, akaingia jikoni kukaanga mayai. Mara kikaango kikaanza kutoa povu na kurusha matone ya moto.

"Wifi!" alipiga kelele. "Kama hunitaki kwako si ungesema tu? Kuliko kunilisha hiki!"

"Kina nini?"

"Nusa."

"Alizeti ndivyo inavyonukia."

"Alizeti hainuki nguo iliyolala na maji. Na hili povu ni maji. Umewauzia watu haya?"

"Wote wameyasifia. Mtaa mzima."

"Mtaa mzima una huruma," wifi alisema, akizima moto. "Nani atamwambia mfiwa kwamba mafuta yake yananuka? Wamenunua pole, wifi. Hawakununua mafuta."

Mama Cherehani alikaa kwenye kigoda. Alikumbuka nyuso zote zilizotazama pembeni.

"Kumbe wananikimbia."

"Hawakukimbii wewe. Wanakimbia chupa. Wanaogopa utawauliza."

"Mbona wewe umeniambia?"

"Mimi wifi yako. Nisipokusema mimi, akuseme nani?"

Mama Cherehani alilia kidogo. Kisha akafuta macho, akasema, "Haya, niseme. Nimekosea wapi?"

Walikwenda chumbani. Wifi aliingiza mkono mpaka chini ya gunia. Akatoa mbegu zilizoshikamana, zenye unyevu na ukungu.

"Gunia umeliweka sakafuni. Umeliegemeza ukutani. Na madirisha umeyafunga. Mbegu inataka hewa. Magunia hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta."

"Sikutaka watu waone ndani."

"Waone nini? Kitanda? Hawana vitanda kwao?"

Wifi alisukuma dirisha. Lilikuwa limekwama. Walisukuma wote wawili mpaka likafunguka, na kelele za mtaa zikaingia.

"Sasa tafuna hii mbegu," wifi alisema.

"Imepinda tu."

"Basi ina maji. Iliyokauka huvunjika, ka!"

"Hizi zenye ukungu nizichanganye na nzuri?"

"Thubutu! Ukungu unaweza kuwa na sumu, na kukaanga hakuiondoi. Hata kuku usiwape. Na zile chupa zilizobaki zisiuzwe."

Iliwauma, lakini walichimba shimo nyuma ya nyumba, wakafukia mbegu mbovu. Magunia ya juu yalikuwa mazima. Walizipepeta mbegu zake, wakatoa mawe, vumbi na vijiti. Wakazianika juani juu ya turubai, wakizigeuza mara kwa mara, mpaka kila waliyoitafuna ikalia ka. Mashine nayo waliifungua, wakasugua masalio ya zamani.

"Masalio yakichacha, huharibu mafuta mapya," wifi alieleza. "Safisha kila ukimaliza kazi."

Walipokamua, mafuta yalitoka mazito, yenye utope. Mama Cherehani akanyoosha mkono kuchukua chupa. Wifi akampiga kofi dogo la mkono.

"Una haraka ya nini? Yafunike kwenye chombo kisafi, uyaweke kivulini. Yaache yatulie siku kadhaa. Utope utakaa chini wenyewe."

"Nitafanya nini siku zote hizo?"

"Kesho mimi naondoka. Tafuta cha kufanya. Kwanza nenda ofisi ya afya, waje wakague chumba na wakuambie vibali gani vinatakiwa. Pili, utahitaji mfuko wa kuchujia. Wa kitambaa cheupe cha pamba, kizito. Cherehani si unayo?"

Wifi aliondoka asubuhi. Nyumba ikawa kimya tena, kimya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa ilikuwa imeonja kelele. Mama Cherehani alitazama chombo cha mafuta. Hakikuwa na la kusema. Akaitoa shuka juu ya cherehani, akaipuliza vumbi, akashona mfuko wa kuchujia. Madirisha yalikuwa wazi. Mtu mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akasikiliza, akaendelea na safari yake.

Watu wa afya walikuja, wakakagua, wakampa kibali. Mafuta yalipotulia, Mama Cherehani aliteka ya juu polepole, bila kuyakoroga. Akayachuja kwa mfuko wake. Akayapasha moto mdogo mpaka mlio wa maji ukaisha. Yalipopoa, akajaza chupa safi zilizokauka kabisa, mpaka shingoni, akazifunga vizuri. Akaandika tarehe. Safari hii hakuzipanga juani. Alizitia kwenye sanduku, kwa sababu jua na hewa huharibu mafuta.

Kisha akachukua chupa moja, akavuka barabara hadi kwa Mkaanga Viazi.

"Yale ya kwanza yalikuwa mabaya," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Mkaanga Viazi alikuna kichwa. "Mama, ningeanzaje?"

"Kaangia haya. Yakiwa mabaya, sema. Usinihurumie."

Alimimina mafuta, akatia viazi. Hayakutoa povu. Viazi vilibadilika rangi taratibu, vikakauka vizuri. Alionja kimoja, kisha cha pili.

"Bei gani?"

Mama Cherehani akamtajia.

"Eh! Mama! Yamekamuliwa na malaika?"

Tangu msiba, huyu alikuwa mteja wa kwanza kulalamika mbele yake. Mama Cherehani alishika kiuno.

"Kama hutaki, rudisha viazi ulivyokula."

"Punguza basi, sisi majirani."

"Ujirani ulikuwa wapi ulipokuwa unainama kunikwepa?"

Watu waliokuwa wakisubiri viazi walicheka. Mkaanga Viazi alicheka pia, akalipa.

Msimu ulipokwisha, mbegu zote zilikuwa zimekamuliwa na kuuzwa. Mashudu, yale makapi yanayobaki, yalinunuliwa na wafuga kuku na ng'ombe. Mwanawe alipiga simu. Hakusema tena atakuja kumchukua. Alisema, "Nitakuja kukuona, mama. Niwekee chupa mbili."

Jioni bado zilikuwa ndefu. Chai bado aliinywa peke yake, na redio bado iliongea. Hayo hayana mashine ya kuyaondoa.

Lakini asubuhi moja alikwenda bombani. Kabla hajakata kona, alisikia sauti za wanawake.

"Mama Cherehani siku hizi hapunguzi bei hata kwa dawa!"

"Bahili yule! Na lile gauni jipya mmeliona?"

Alipotokeza, wote walinyamaza, wakatazama ndoo zao. Mama Cherehani aliweka ndoo yake kwenye foleni, akakunja mikono.

"Endeleeni," alisema. "Mmefika wapi?"