Saa Mbili Zilizofutwa

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ikilia, Kasuku hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja zahanati, akatua mkoba, akaketi kwenye kiti cha plastiki kati ya muuguzi na mgonjwa. Jina la Kasuku walimpachika majirani. Familia yake ilipohamia nchi hii miaka mitatu iliyopita, yeye ndiye aliyeishika lugha ya hapa upesi kuliko wote. Wagonjwa waliotoka kwao walieleza shida zao, naye akamtafsiria muuguzi.

Kazi hiyo ilikuwa ya kujitolea, tena alikuwa na sababu. Fomu ya ufadhili wa masomo ilidai saa arobaini za kujitolea, zenye saini ya msimamizi. Bila ufadhili hakuna sekondari, na bila sekondari, ule udaktari aliouota ungebaki ndoto. Fomu ilitakiwa kwa mwalimu mkuu Ijumaa asubuhi. Jumatano ile zilibaki saa mbili tu, na Kasuku alikuwa amechoka hoi.

Jamani, nani asingechoka? Mama yake alimgawa mtaani kama chumvi. Leo barua ya jirani, kesho simu ya shangazi. "Dakika tano tu, mwanangu," mama angesema, na dakika tano za mama hazikuwa na mwisho.

Mgonjwa wa mwisho alikuwa bibi mmoja wa kwao, mwenye goti lililovimba.

"Mwambie sista," bibi akaanza, "goti lilianza mkamwana wangu alipohamisha kabati bila kuniuliza. Kabati lenyewe nimelinunua mimi! Na kaka yake naye, akija kula hajui kuondoka..."

Kasuku alitazama saa ya ukutani. Bibi hakuvuta hata pumzi.

"Anasemaje?" muuguzi akauliza.

"Goti linamuuma."

"Maneno yote hayo ni goti tu?"

"Goti tu, sista."

"Haya, muulize kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru."

Kumuuliza bibi huyu swali kulikuwa sawa na kufungua bomba lisilofungika. Kasuku hakuuliza. "Hakuna," akajibu mwenyewe.

Bibi akapewa vidonge vya maumivu, Kasuku akapewa saini. Saa arobaini kamili! Akaenda nyumbani akiruka.

"Nani leo?" mama akauliza, akikunja nguo.

"Bibi wa goti. Mama, yule bibi anaongea!"

"Maskini! Mwaka jana vidonge vya maumivu vilimvimbisha uso, macho yakafumba kabisa. Bila shaka amewaambia."

Kasuku akavikumbuka vile vidonge. Alitoka mbio, mama akimwita asisikie. Alimkuta bibi nyumbani kwake, mezani, vidonge viwili viganjani.

"Usimeze, bibi!"

"Nitameza saa ngapi, mjukuu wangu? Nimeambiwa nile kwanza, na huyu mkamwana anapika tangu adhuhuri!"

Siku ile uzembe wa mkamwana uliokoa maisha. Kasuku alivichukua vidonge. Angeweza kunyamaza. Fomu ilikuwa mkobani, saini tayari, na bibi hakujua lolote. Lakini goti lile bado lilihitaji dawa, na dawa ingetoka kwa muuguzi yuleyule. Usiku hakulala vizuri.

Alhamisi, alipotoka shule, alimpitia bibi, wakaenda zahanati pamoja. Akamweleza muuguzi kila kitu, machozi yakimtoka.

Muuguzi akaomba fomu. Akapiga mstari juu ya saa mbili za Jumatano.

"Umenichosha, binti. Hizi sizihesabu. Na huo mstari usiufute, wafadhili wakikuuliza, waeleze."

"Fomu inatakiwa kesho, sista!"

"Sasa ni saa kumi. Tunafunga saa kumi na mbili. Kaa."

Kasuku akakaa. Bibi akaanza upya, naye akatafsiri kila neno.

"Na kabati nalo?" muuguzi akaguna.

"Kabati nalo, sista. Limesukumwa ukutani, milango ya juu haifunguki. Nguo zake ziko droo ya chini. Kila asubuhi hupiga magoti sakafuni kuzitafuta."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Kumbe goti linaumia hapo!" Akampa bibi dawa nyingine, akaagiza mkamwana alirudishe kabati mahali pake. Saa kumi na mbili alitia saini mpya.

Barua ilikuja mwezi uliofuata. Wafadhili walikuwa wameuliza habari za ule mstari, Kasuku akawaeleza bila kuficha, na wakampa nafasi. Jumatano iliyofuata akaingia zahanati, akaketi pale pale.

"Saa zako zimeshatimia," muuguzi akasema. "Umefuata nini?"

"Wagonjwa bado hawajajua lugha ya hapa, sista."

Muuguzi akatabasamu. "Basi shika neno hili. Mgonjwa hanielewi, nami simwelewi, sote wawili tumekuamini wewe. Aliyeaminiwa hachagui la kusikia wala hajazi majibu ya kichwani mwake. Ukijifunza hilo hapa, udaktari umeshauanza. Haya, mwite wa kwanza."