Ngozi ya Ukuta

Ijumaa ile Idi ilikuwa mlangoni, na duka la Venansi kando ya soko la Gitega lilijaa mpaka watu wengine wakasubiri nje na simu zao mkononi. Venansi alikuwa anachapa picha, anauza vocha na kuwachajia watu simu, yote peke yake. Kwenye meza ya pembeni msichana wa mtandio wa kijani aliikodolea macho kompyuta yake, akijizuia asilie mbele za watu.

Jina lake Salima. Alizaliwa Muyinga, kwa wauza vitenge, na Gitega alikuja kujifunza kuchora nyumba kwenye kompyuta, zile nyumba unazoweza kuzizungusha ukaziona mbele, nyuma na hata ndani. Mwalimu wake aliitaka kazi ya mwisho jioni hiyohiyo. Lakini matofali yake mekundu, ambayo alikwenda kuyapiga picha mwenyewe kule Giheta, yalionekana meupe kama unga wa muhogo. Kila alipojaribu kurekebisha, yalizidi kung'aa.

"Dada, hiyo nyumba unaichoma," mtu alisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, kanzu ya kijivu imenyooshwa pasi, kofia imekaa upande kidogo, na vumbi la mbao limebaki kwenye kucha. Salima alimuuliza kama yeye ni mwalimu.

"Hapana, mi niko wa vitanda," alijibu, akavuta kiti bila kukaribishwa.

Alikuwa anaitwa Rachid. Katika karakana ya baba yake mdogo, Shabani, yeye ndiye aliyechora vitanda na makabati kwenye kompyuta ili wateja wayaone kabla mbao hazijakatwa. Alimwonyesha Salima kwamba jua la programu lilikuwa kali kupita kiasi, na kwamba ndani ya nyumba kulikuwa na taa alizoziweka siku za mwanzo akazisahau, nazo zilikuwa bado zinawaka. Akapunguza jua, akazima taa, kisha akaishusha kidogo nguvu ya ile picha ya matofali iliyofunika kuta. Picha hiyo yeye aliiita ngozi. Nyumba bila ngozi, alisema, ni boksi tu.

Matofali yalirudi taratibu, mekundu, na michirizi ya saruji katikati yake. Salima alicheka kwa sauti mpaka foleni nzima ikamtazama. Walipoagana, Rachid aliomba namba yake, ili ajue mwalimu amesema nini.

Mwalimu alisifu. Simu ya kumwambia Rachid habari hiyo ilikwenda mpaka salio likakata, na tangu hapo hawakukosa kuongea. Walianza na vivuli na madirisha, wakaishia kwenye mambo ambayo hayakuhusu nyumba hata kidogo. Rachid alimwita injinia wangu. Salima alimwita fundi vitanda, na moyo ulimdunda kila jina hilo lilipotokea kwenye kioo cha simu.

Masomo yalipokwisha alirudi Muyinga, na huko akapata bahati yake ya kwanza. Chama cha akina mama kilitaka kujenga ukumbi, na mwenyekiti wake, mama Jovina wa Giteranyi, alikubali kuangalia mchoro wa Salima kabla ya kutafuta mtu mwingine. Baba yake, mzee Uthmani, hakumficha neno: mchoro ukikataliwa, Salima atarudi kukaa kwenye meza ya vitenge, na kompyuta atawaachia wadogo zake.

Ukumbi ulimsumbua. Matofali yaling'aa vibaya tena, na ukuta mmoja ulitoka mweusi kabisa. Asubuhi moja alimtumia Rachid picha ya ukumbi huo, akangoja, asijibiwe. Mchana alikwenda kwenye harusi ya binamu yake. Alivaa kitenge cha zambarau kilichombana vizuri kiunoni na mtandio wenye nyuzi za dhahabu, na shangazi yake alikuwa amempaka poda nyingi kuliko alivyozoea. Alijipiga picha uani, akasita, halafu akaituma. Ilikuwa mara ya kwanza kumtumia Rachid picha yake mwenyewe.

Jibu la Rachid, na Kifaransa kidogo alichozoea kuchanganya, lilifika akiwa amezungukwa na wanawake wanaocheza.

"Mais Salima, ngozi iko nyeupe sana, imeungua. Na uso umegeuka. Rudisha ile ya zamani, ndiyo ilikuwa nzuri."

Aliisoma tena na tena. Akaenda kwenye ndoo ya maji nyuma ya nyumba, akanawa uso mpaka poda yote ikaisha, akamwandikia: "Basi tafuta mwenye ngozi unayoipenda." Kisha akaifunga namba ya Rachid asimpate tena. Rachid alipopiga kwa simu ya Shabani, Salima aliitambua sauti kabla hata salamu haijaisha, akakata.

Hasira zilimpeleka kwenye kompyuta. Aliapa kuumaliza ukumbi bila fundi vitanda yeyote. Alizungusha ule ukuta mweusi, akaukagua kwa karibu, na hapo akauona ubaya wake: alikuwa ameuchora kinyume. Uso wa ndani ulitazama nje, na uso wa nje ulitazama ndani, kwa hiyo mwanga haukuushika.

Mkono wake ulisimama. Uso umegeuka. Aliyatazama matofali yaliyong'aa. Ngozi iko nyeupe sana, imeungua.

Kumbe Rachid alikuwa anaijibu ile picha ya asubuhi, anazungumzia ukuta. Salima alijifunika mtandio usoni, akacheka, na katikati ya kicheko akakumbuka alichomwandikia.

Aliugeuza ukuta. Akaipunguzia nguvu picha ya matofali, akalipeleka jua pembeni, na ukumbi ukasimama kwenye kioo kama kitu ambacho mtu angeweza kuingia akaketi. Akina mama walipouona walisogea karibu. Mama Jovina, aliyekulia Tanzania na kurudi na Kiswahili cha huko, aligusa kioo kwa kidole. "Hapa mlangoni ndipo nitakaposimama siku ya kufungua," alisema, na mchoro ukawa umekubaliwa. Mzee Uthmani aliyekuwa amesimama nyuma alitoka nje ili asionekane anavyotabasamu.

Mtu wa kwanza ambaye Salima alitaka kumwambia hakushika simu. Salima aliifungua namba ya Rachid, akapiga mara nyingi, ikaita bure. Kesho yake akapanda gari la asubuhi, akapita Karuzi, na kufika Gitega na kilekile kitenge cha zambarau, safari hii bila poda.

Rachid alikuwa karakanani, anapiga msasa mguu wa kitanda. Alimwona, hakusimama.

"Ukuta ulikuwa umegeuka," Salima alisema. "Nimeurudisha."

"Si nilikuambia?"

"Mi nilifikiri unasema uso wangu. Nilikuwa nimekutumia picha yangu."

Rachid aliacha msasa. Alieleza kwamba siku ile megabaiti zilizobaki zilimtosha kuandika tu, picha ya pili haikufunguka, na hata alipotia nyingine aliogopa kuifungua. Alidhani ni ya Salima na mwanamume aliyempata harusini, kwa vile alikuwa ameambiwa atafute mwingine.

"Donc ndiyo maana simu hukushika?"

"Uliponikatia, niliogopa utasema yale kwa mdomo," alijibu. "Kuandikwa inaumiza. Kusikia, mi singeweza."

Salima alimwomba radhi, polepole, kwa maneno yote aliyoyapanga njiani. Rachid alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta vumbi mikononi, akamkalisha juu ya kitanda ambacho hakijapakwa vanishi.

"Salima, mambo ya simu mi nimechoka. Nataka kuongea na we tukiwa nyumba moja. Nikimleta baba mdogo Muyinga, watu wako watamkaribisha?"

Salima alitoa simu, akampigia mama yake, akamwambia kuna wageni wanataka kuja Jumapili. Mama aliuliza ni wageni wa nini. Salima alimtazama Rachid, akamkabidhi simu.

Rachid alikohoa, akasalimia, akajitaja yeye na ukoo wake, kisha akasema alichokitaka, moja kwa moja. Shabani, aliyekuwa mlangoni muda wote, alishusha msumeno chini asipige kelele.

"Waje asubuhi wamkute mzee," mama alisema mwishowe. "Mchana anakuwa dukani."