Shira Isiyotiwa Ndimu

Kila siku ya Ramadhani, ikishasaliwa adhuhuri, Rahila husimamia sufuria ya shira, maji mazito ya sukari ya kuchovyea kaimati, huku mama yake, Bi Kazija, akizikaanga. Tangu baba afariki, nyumba yao ya ghorofani Michenzani inategemea jiko hilo. Siku hiyo waliagizwa futari ya watu wengi wa Chukwani. Likiharibika agizo hili, nani atawaagiza tena?

"Ikianza kuchemka, kamua ndimu," mama alimwambia.

Rahila, mtoto asiyetulia, akachungulia dirishani kutazama wenzake wakiruka kamba. Akasahau mpaka shira ikaepuliwa.

"Ndimu umetia?"

"Nshatia, mama."

Bi Kazija alikuwa amefunga, hakuonja.

Shira ilipopoa iliganda, ikawa chenga tupu, hata mwiko haupiti. Bi Kazija alikaa sakafuni akalia. Kisha akateremka hadi dukani kwa Mzee Muhiddin, akamwambia mbele ya wateja kuwa kamuuzia sukari mbovu. Mzee wa watu aliinamia mizani yake. Wateja wakaacha sukari waliyokwisha pimiwa, wakaondoka. Rahila, aliyemfuata mama yake, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Waliporudi, jirani yao Maryam, mwalimu wa kemia, aliingia akaitazama sufuria.

"Sukari haina kosa, Kazija. Sukari ya muwa ni sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, zilizoshikana. Moto na ndimu huziachanisha baadhi, na hizo zilizoachana huzizuia nyingine zisigande. Hii haikutiwa ndimu."

"Rahila katia."

Machozi yakamtoka Rahila. "Sikutia, mama. Nilisema uwongo."

Mama alimtazama kama hamjui.

Wakaongeza maji, wakakamua ndimu, wakachemsha upya. Shira ikalainika, na kaimati zikafika Chukwani kabla ya magharibi. Lakini Rahila hakuona raha hata kidogo. Mama akamshika mkono, wakateremka dukani.

"Shikamoo, Mzee Muhiddin. Kosa ni langu, si la sukari yako. Nisamehe," Rahila alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe. Lakini wale walioondoka, nani atawaambia?"

Rahila alilia palepale, mbele ya mizani.

"Umemsikia?" mama alisema taratibu. "Nilimvunjia heshima mzee huyu kwa sababu nilikuamini wewe. Ungesema umesahau, tungekamua ndimu tu, yakaisha."