Chuma Nyuma ya Sikio

Picha haikuwa ya Papa Prospère. Viviane aliligundua hilo Jumatano mchana, mbele ya kompyuta ya biro, ofisi ya Dokta Florent.

Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa vifaa vya tiba, aliyekuja kwenye kliniki moja ya Kalemie kuwafuata madaktari kazini na kukusanya picha za ubongo za wagonjwa wa kiharusi. Papa Prospère, fundi wa reli, aliletwa Jumatatu mdomo umepinda. Alipigwa skana, akachomwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, akafa kabla ya jua kuzama. Dokta alisema damu ilikuwa imeganda kichwani na dawa ilikuwa sahihi, ila muuguzi Bertille alizidisha kipimo. Sasa Bertille alikuwa mahabusu, mikononi mwa Inspekta Jacob wa polisi.

Kabla ya skana, Viviane alikuwa amemuuliza mke wa mgonjwa, Mama Godelieve, kama mumewe ana chuma mwilini.

"Iko nacho nyuma ya sikio," mama alijibu. "Kipande cha bomu, toka vita."

Chuma kwenye skana hutupa miale myeupe. Picha hii haikuwa na mwale hata mmoja.

Akamshuku kwanza Pascal, fundi wa skana. Alimkuta akifuta vumbi kwenye mashine.

"Papa Pascal, njo weye ulibadilisha picha ya marehemu?"

"Picha gani? Yake iko humu." Pascal akaifungua kwenye mashine yenyewe.

Miale ilikuwepo. Na ndani ya ubongo, doa kubwa jeupe: damu iliyovuja. Mtu aliyepasuka mshipa hapewi dawa ile. Humuua hata kwa kipimo halali.

Kama Pascal angetaka kuficha, angeanza kufuta hapa. Aliyebadilisha aliweza kuingia kwenye kompyuta ya biro tu, na neno lake la siri alilijua daktari peke yake. Hata leo alimfungulia Viviane yeye mwenyewe.

"Mupelekee Inspekta Jacob nakala," Viviane alimwambia Pascal. "Panda piki-piki, usiseme na muntu."

Pascal hakuwa amefika mbali Dokta Florent alipoingia na kuufunga mlango kwa ufunguo.

"Nilikupokea kama binti yangu," alisema taratibu, akiitazama picha kwenye mashine. "Ifute."

Nje jenereta ilinguruma. Hata angepiga kelele, nani angesikia?

"Ulisoma vibaya, Dokta?"

"Nilikuwa nimechoka. Nilipoirudia picha, alikuwa ameshakufa. Ningesema, kliniki ingefungwa. Wagonjwa wangekwenda wapi?"

"Na Bertille?"

"Wangemuachilia siku moja."

Alisogea. Viviane alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Pascal ameenda na nakala polisi," alisema.

Daktari alisimama. Kisha akamwachia Viviane ufunguo, akakaa juu ya kitanda cha skana, na hapo ndipo Inspekta alipomkuta, Viviane alipoufungua mlango. Nyuma ya Inspekta alikuwa Mama Godelieve, aliyekuwa polisi kuomba ruhusa ya kuzika na kuyasikia yote aliyoyaeleza Pascal.

"Bwana yangu ulimukosea," alimwambia daktari. "Kukosea ni kwa kila muntu. Lakini kumufungisha Bertille, ile ulichagua."

Daktari alinyoosha mikono yake kwa Inspekta bila kuambiwa.