Redio Mbili na Mgomba Mmoja

Kila siku saa tisa na nusu, kengele ya shule ilipogongwa, Jovitha alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Si kwamba alikuwa na njaa, ingawa njaa nayo ilikuwapo. Alikimbia ili asiongozane na Mukabera. Mukabera alikuwa rafiki yake, tena walikaa dawati moja, lakini alikuwa na tabia moja isiyovumilika: aliongoza darasa zima la sita. Muhula uliopita alimzidi Jovitha kwa alama tatu tu. Jovitha alizikumbuka alama hizo kila alipokwenda kulala, na kila asubuhi alizikuta bado ni tatu.

Jovitha aliishi Nyabiyonza, wilayani Karagwe, na bibi yake, Bibi Adelgunda, aliyekuwa na kibanja kikubwa, yaani shamba la migomba na mibuni lililozunguka nyumba. Kibanja hicho kilipakana na ghala la kahawa la chama cha msingi cha ushirika, na mwezi huo wa Septemba 1992 ghala hilo lilikuwa na jambo lililowafanya hata wenye haraka wasimame.

Jambo lenyewe lilianzia msimu uliotangulia. Chama kilikuwa na ghala jingine Kituntu na jingine Nyakasimbi, nyuma ya milima. Mwaka ule ghala la Nyakasimbi lilijaa, kahawa nyingine ikabaki nje. Mtu akatumwa kwa baiskeli kuja kuita lori. Baiskeli ikapata pancha, kisha mtu akapata mafua. Lori lilipofika Nyakasimbi, mvua ilikuwa imefika kabla yake siku mbili, na kahawa ya watu ilikuwa inaota ukungu. Wanachama wakaapa kwamba safari hii watanunua redio za upepo, ili ghala liongee na ghala bila kutegemea tairi.

Wauzaji wawili wakajitokeza, kila mmoja na redio yake, wakakubali zijaribiwe wiki mbili katika maghala yote matatu. Redio ya kwanza ilikuwa kubwa kama debe. Antena yake ilikuwa waya mrefu uliofungwa kwenye paa la ghala, ukapita juu ya migomba ya Bibi Adelgunda, ukafungwa kwenye mti mwisho wa kibanja. Redio ya pili ilikuwa ndogo kama mkate, inang'aa, na antena yake ilikuwa fimbo ya chuma iliyosimama juu ya paa.

Katibu wa chama, Bwana Mutalemwa, alikuwa na shida moja. Muuzaji wa redio kubwa alikuwa amegawa kofia nyekundu kwa wajumbe wa kamati. Muuzaji wa redio ndogo, aliposikia, akagawa fulana za bluu. Sasa kila mjumbe alisikia vizuri kufuatana na alichovaa. Ndipo katibu akaenda shuleni kuomba wanafunzi wawili wenye mwandiko safi na masikio yasiyovalishwa kitu. Mwalimu akamtajia Mukabera na Jovitha, kwa mpangilio huohuo. Jovitha aliusikia mpangilio.

Kazi ilikuwa rahisi. Saa kumi kamili kila mmoja angeita Kituntu, kisha Nyakasimbi, halafu aandike kwenye daftari hali ya hewa na alama za sauti, kuanzia moja hadi tano. Wakapiga kura ya vikaratasi. Mukabera akapata redio kubwa, Jovitha ndogo. Katibu, kwa nia ya kuwapa moyo, akaongeza kwamba msichana ambaye redio yake itachaguliwa ndiye atakayeita kwa mara ya kwanza siku ya uzinduzi, mbele ya wageni kutoka wilayani.

Angenyamaza tu, hadithi hii isingekuwapo.

Wiki ya kwanza redio ndogo ilifanya vizuri kwa Kituntu. Karani wa huko alisikika kama amekaa dirishani. Lakini Nyakasimbi ilikuwa nyuma ya milima, na Jovitha alipoita, alijibiwa na mlio kama wa karanga zinazokaangwa. Akaandika tano, akaandika moja. Redio kubwa ilikuwa na kelele kidogo, lakini ilisikia kote kuwili. Mukabera aliandika nne na nne, siku nyingine nne na tano.

Ingekuwa alama peke yake, Jovitha angevumilia. Tatizo lilikuwa Xaveri. Huyo alikuwa karani wa Nyakasimbi, mtu wa utani, na alipogundua kwamba anayemwita ni mtoto, alianza kumuuliza Mukabera leo wamekula nini, na kama ndizi za Nyabiyonza bado ni nyembamba kama vidole vya katibu. Watu wakawa wanajazana dirishani kusikiliza. Wakicheka, wanamcheka Xaveri. Wakisifu, wanamsifu Mukabera. Akina mama walisema mtoto huyu ana sauti ya mtangazaji. Vijana wakambandika jina la Mama Mitambo, naye akaitika. Upande wa pili wa meza Jovitha alikaa na karanga zake zikikaangwa, hana mtu hata wa kumwomba chumvi.

Jumamosi hiyo Mukabera alimwambia kwa furaha, "Jovi, jana Xaveri kaniuliza jina la mwenzangu, nikamtajia. Anakusalimu."

Ilikuwa salamu njema. Lakini mwenye wivu hata salamu huiona ni jiwe. Jovitha alisikia kitu kimoja tu: kwamba hata kujulikana kwake Nyakasimbi kumepitia mdomo wa Mukabera.

Jumatatu ya wiki ya pili, baada ya kazi ya redio, akikata majani ya mbuzi kibanjani, alitazama juu. Waya wa redio kubwa ulipita karibu kabisa na mgomba mmoja mrefu wenye mkungu mzito, ule ambao Bibi Adelgunda alikuwa ameutenga kwa sikukuu ya mavuno kanisani. Kwa kuwa mkungu ulikuwa mzito, mgomba ulikuwa umeegemezwa kwa mhimili, mti wenye panda. Jovitha aliutazama mhimili, akautazama waya. Akaangalia huku na huku. Kisha akauvuta mhimili.

Mgomba haukuanguka. Uliinama polepole kama mzee anayetafuta kiti, ukaegemea mgomba wa jirani, na majani yake mapana yakaulalia waya na kuuvuta chini. Jovitha aliuchukua mhimili, akaulaza vizuri kando ya njia, akaenda kunawa.

Jioni hiyo ilinyesha mvua, majani yakalowa. Saa kumi ya Jumanne Mukabera aliita Nyakasimbi mara sita. Xaveri alisikika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Jumatano ilikuwa hivyo hivyo, Alhamisi mbaya zaidi. Wenye kofia nyekundu wakaanza kuzivua kofia kimyakimya. Wenye fulana za bluu walisema kama Nyakasimbi haisikiki kwa redio zote mbili, basi bora ile inayosikia Kituntu vizuri na isiyomaliza betri. Muuzaji wa redio kubwa alikuwa amerudi Mwanza, hakuwapo wa kukagua. Kamati ilipanga kuamua Jumamosi asubuhi.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa ngumu. Mukabera alipoita, kutoka Nyakasimbi yalikuja maneno mawili tu, "gunia" na "mvua", yakazama. Bwana Mutalemwa alimpokonya kipaza sauti, akajaribu mwenyewe, akashindwa. Kwa hasira akasema labda mtoto huyu ameharibu kitufe kwa kukibonyeza ovyo, na kwamba kesho, mbele ya kamati, Jovitha ndiye aite kwa redio zote mbili.

Watu wakaanza kuondoka dirishani. Yule Mama Mitambo wa juzi hakuna aliyemtaja. Jovitha alikuwa amepata kila alichokitaka, kwa mpigo mmoja, na mdomo ulimkauka kana kwamba amekula ndizi mbichi.

Katibu alipotoka, Mukabera alivuta daftari. Jovitha akainama karibu yake.

"Andika tatu," alinong'ona. "Nani atajua?"

Mukabera alimtazama. "Nimesikia moja."

"Lakini redio yako itakataliwa."

"Si redio yangu, Jovi. Ni ya watu wa Nyakasimbi." Akaandika moja, akafunga daftari, akaenda kwao bila kumsubiri.

Jovitha alipofika nyumbani, Bibi Adelgunda alikuwa amesimama karibu na jiko la nje, ameushika mhimili kama fimbo ya mkaguzi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mkungu wangu wa mavuno umelala. Nani kautoa mhimili?"

Jovitha akajibu haraka kwamba huenda ni upepo wa juzi.

"Upepo," alirudia Bibi. "Mimi nimelima kibanja hiki miaka arobaini. Upepo ukiangusha mhimili, unauacha palepale chini ya mgomba, tena umevunjika. Huu nimeukuta kando ya njia, umelazwa vizuri, panda yake imeelekezwa kwenye nyasi ili asijikwae mtu. Sijawahi kuona upepo uliolelewa vizuri namna hiyo. Mtoto mmoja tu nimemfundisha kulaza mihimili hivyo, na yuko mbele yangu."

Jovitha alianza kulia. Kila kitu kikatoka: alama tatu, kura ya vikaratasi, Xaveri, Mama Mitambo, waya. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamkabidhi mhimili.

"Kesho kauegemeze. Na kamati ukaiambie wewe. Mimi sitakusemea, mdomo unao."

Alfajiri Jovitha aliingia kibanjani na mhimili. Lakini mgomba wenye mkungu hausimamishwi na mtu mmoja. Mmoja lazima auinue shina, mwingine achomeke panda chini yake. Aliinua, mhimili ukaanguka. Akachomeka, mgomba ukarudi. Mara ya nne alielewa kwamba Bibi alilijua hilo tangu jana. Akavuka njia, akaenda kwa akina Mukabera.

Baba yake Mukabera, Mbonimpa, alikuwa akinoa jembe mlangoni. Jovitha alimwamkia, akaomba kuonana na Mukabera. Mukabera alipotoka, Jovitha alimweleza yote akiangalia miguu yake mwenyewe. Alitegemea kupigwa kofi, na alikuwa tayari.

"Siku nne," alisema Mukabera, "nimelala nikifikiri nimeharibu kitu cha watu."

"Najua. Nisamehe."

"Bado. Twende kwanza tukainue huo mgomba."

Waliuinua. Jovitha alibeba shina begani kwa kuwa ndiko kuzito, Mukabera akachomeka panda. Majani yakaachia waya, waya ukaruka juu, ukawamwagia maji ya mvua vichwani wote wawili. Mukabera alijizuia kucheka, lakini hakufaulu sana.

Saa tatu kamati ilikuwa imekaa ghalani. Kabla katibu hajasema neno, Jovitha alisimama, akaeleza alichofanya na sababu yake. Hakusema ni shetani, wala hakusema ni utoto. Alisema alimwonea wivu Mukabera. Mjumbe mmoja mwenye fulana ya bluu akainua mkono na kuomba redio kubwa ijaribiwe tena.

Mukabera akabonyeza kitufe. "Nyakasimbi, Nyakasimbi, Nyabiyonza anaita. Ova."

"Nyabiyonza!" Sauti ya Xaveri ilijaa hadi kwenye paa. "Nilidhani mmekufa wote nikose pa kuja kula. Nina gunia sitini nje na wingu linakuja. Leteni lori leo. Ova."

Dereva wa lori la chama, aliyekuwa amekaa mlangoni, hakungoja kutumwa. Kiti chake kilibaki kikicheza.

Bwana Mutalemwa alimwomba Mukabera radhi mbele ya watu wote. Kisha akamgeukia Jovitha. Alisema kosa lake ni kubwa, kwa sababu nusura watu wa Nyakasimbi wapoteze kahawa mwaka wa pili, lakini kwamba kosa la kwanza lilikuwa la katibu mwenyewe.

"Niliwakataa wenye kofia na wenye fulana," alisema, "kisha nikakuvalisha wewe ahadi. Anayepima hapaswi kuwa na cha kupata. Sote hapa tulikuwa tumeshachagua kabla ya kusikiliza. Ni huyu mmoja tu aliyeandika alichosikia, hata pale kilipomuumiza." Akaweka mkono juu ya daftari la Mukabera.

Adhabu zilikuwa mbili. Kwanza, Jovitha aandike kwa mkono wake, mbele ya siku zile nne, kwenye safu ya hali ya hewa: "Mgomba ulilalia waya. Mhimili niliutoa mimi." Pili, kila siku kabla ya saa kumi apite chini ya waya wote kukagua mihimili. Majaribio yakarudiwa wiki moja, kofia na fulana zikiwa zimeachwa nyumbani, na chama kikanunua redio kubwa.

Siku ya uzinduzi Mukabera aliita mbele ya wageni kwa sauti yake ya mtangazaji. Bibi Adelgunda, aliyesimama nyuma na mjukuu wake, alimwona Jovitha akimeza mate.

"Wivu bado unauma?" aliuliza.

"Kidogo, Bibi."

"Utauma. Mimi mwenyewe jirani akivuna mkungu mkubwa huwa naumwa hadi jioni. Wivu kukujia si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kuupa mikono ukafanye kazi. Ukikujia tena, nenda kalime."

Xaveri alikuwa amemaliza kusalimia wageni. Kisha redio ikakohoa, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye ratiba: huyo mkaguzi wa migomba anayesifiwa Karagwe nzima yupo hapo, au naye ameegemea waya?

Watu wakaangua kicheko. Mukabera alitazama nyuma, akamwona Jovitha, akamnyooshea kipaza sauti.

"Yupo," alisema. "Anakuja. Ova."