Beseni la Kumnawisha Askofu

Kila Jumamosi Mbuke huanza kwa kufagia uwanja, kisha huchota maji, kisha huwaogesha wadogo zake wawili. Jumamosi ile alimaliza yote kabla jua halijapanda, mdogo wake mmoja akiwa bado na povu masikioni. Askofu alikuwa anakuja Runzewe, na Mbuke, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyechaguliwa kumnawisha mikono mbele ya kanisa zima.

Wiki nzima alikuwa amefanya mazoezi: magoti chini, jagi mkono wa kulia, taulo begani. Kilichomkera ni beseni. La kwao lilikuwa limepasuka ukingo. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na beseni la bluu, kubwa, linaloonekana jipya kabisa. Lilikuwa la mjomba Ngassa, aliyefanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

"Vitu vya mjomba wako usiviguse," mama yake alikuwa akimwambia kila siku. Ila asubuhi hiyo mama alikuwa amekwenda sokoni.

Mbuke alipokuwa akilisuuza, kitu kidogo kama punje ya mtama kilibingirika ndani yake. Kiling'aa kama kioo. Alikigusa, kikakimbia. Alikibonyeza, vikawa viwili. Akatazama kidole chake: kikavu!

"Maji gani haya yasiyolowesha?" alijiuliza, akacheka peke yake. Akamwaga maji, akajitwisha beseni, huyoo kanisani.

Jikoni kwa kanisa wanawake walikuwa wanapika. Martina, aliyesoma naye darasa moja na aliyeitaka sana kazi ile ya kushika jagi, alimwona wa kwanza.

"Hee! Hilo la kumnawisha askofu au la kumwogesha?"

"Wivu tu, Martina. Mabeseni ya kwenu yameshonwa kwa uzi."

Mama Nyamizi, mkuu wa mapishi, akamwita. "Mbuke, mwanangu, tuazime hilo tuoshee mchele. Yetu yote yana nyama."

"Lakini Mama Nyamizi, hili ni la askofu."

"Kwani mchele ni wa nani?"

Wanawake wakacheka. Mbuke akalitoa shingo upande. Alipoombwa asaidie kuchambua mawe kwenye mchele, alijibu kuwa atachafua gauni, akaenda kukaa kwenye ngazi.

Lakini lile tone halikumtoka akilini. Akamsogelea Martina aliyekuwa akimenya vitunguu.

"Hivi kuna maji yasiyolowesha kidole? Yanang'aa, yanakimbia, ukiyabonyeza yanagawanyika."

Martina aliacha kumenya. "Hiyo ni zebaki. Baba anakamatia dhahabu. Anatukataza hata kushika shati lake la kazini. Inaharibu ubongo, na ikipata moto, mvuke wake ndio mbaya zaidi. Umeiona wapi?"

"Nimeuliza tu."

Mbuke akageukia mekoni. Sufuria la maji ya kupikia mchele lilikuwa linachemka. Akisema, kanisa zima litajua kuwa amechukua kitu cha watu bila ruhusa, na jagi litakwenda kwa Martina. Pengine lile tone limemwagika. Pengine halikubaki hata kidogo. Akachezea ncha ya taulo.

Hapo akapita dada Hosiana, mwenye mimba ya miezi minane. Tangu apate mimba alipenda kutafuna mchele mbichi. Akachota kidogo kwenye beseni, akatia mdomoni.

Mbuke akaruka. "Dada Hosiana, tema! Usimeze! Hilo beseni ni la zebaki!"

Hosiana akatema.

"Unasemaje wewe?" Mama Nyamizi aliuliza, mwiko mkononi.

"Ni la mjomba, nimelichukua bila kuomba. Niliiona zebaki ndani asubuhi, sikuijua. Martina ameniambia, nami nikanyamaza."

"Mayu wee, mama yangu!" mwanamke mmoja akalalamika. "Askofu yuko njiani, na mchele wote ndio huo!"

Mama Nyamizi aliufunika mchele palepale, akakataza hata kuku wasipewe. Hosiana akasindikizwa zahanati. Muuguzi alimpa maji asukutue kinywa, akampima, akamwambia hajadhurika ila arudi Jumatatu. Mchele nao ukahifadhiwa hadi bwana afya aje auchukue. Askofu akapikiwa ugali.

Martina ndiye aliyenawisha. Mbuke alinawa kwa sabuni mara tatu, akapelekwa nyuma ya jiko kusugua masufuria, masizi yakampanda hadi kwenye gauni. Makofi yaliposikika, Martina akaja mbio.

"Amesema Mungu anibariki!"

"Amina. Nisogezee hilo sufuria."

Mama Nyamizi akachuchumaa karibu yake.

"Mbona sioni aibu tena?" Mbuke alimuuliza.

"Kupiga magoti si kazi, mwanangu. Hata mwenye kiburi anapiga, akijua anatazamwa. Leo umejishusha ukijua utasemwa, ili mwenzako apone. Huko ndiko kumtumikia Mungu. Lakini ungenyamaza kidogo tu zaidi, tungewalisha watoto wote wa kanisa hili. Chombo kilichofanya kazi ya dhahabu kisiingie jikoni, hata kioshwe mara mia. Umesikia?"

"Nimesikia. Na mjomba je?"

"Utamwambia leo hii, na mama yako pia. Nitakusindikiza hadi mlangoni," alisema Mama Nyamizi, akichukua sufuria lingine, "ila maneno utasema mwenyewe."